Jabali Wawili

Nimewasimamisha juu ya friji, migongo ukutani,
kati ya mkebe wa majani chai na redio iliyogoma kusema:
Jabali wa Tarko, Jabali wa Belmoksi.
Mwanamieleka mmoja, viwanda viwili,
na kila kiwanda kinaapa ndicho kilichomjua.

Wa Tarko nilimwokota Kibuye, Jumapili,
chini ya lundo la viatu vya watoto visivyo na wenzao.
Mama Aduwo alitaka mia tatu.
Nikaguna kama niliyetajiwa bei ya ng'ombe;
tukaachana kwa mia na ishirini, na soda juu.
Wa Belmoksi aliletwa na shemeji yangu Wangatia, wa Mumias,
aliyesikia ugonjwa wangu akauonea huruma.

Haya, tuwapime.

Tarko ana viungo kumi na sita, nimevihesabu kwa ukucha.
Goti linakunja, kifundo kinazunguka,
kiwiko kinalia ti! kama bawaba ya sanduku la bweni.
Unaweza kumpigisha magoti, hata kumsalisha.
Lakini legelege: mshike kiuno
na kichwa kinaitikia kila unachosema,
hata uongo.

Belmoksi ni mpira mgumu, uzito wa betri mbili za tochi.
Mkono mmoja uko juu tangu kiwandani, haushuki.
Huyu hapigani. Ameshashinda.
Mkanda wake umechorwa tumboni, hauvuliki,
bingwa hata akioga.
Ila huo uso! Aliyeuchonga alikuwa mtu wa kukosa usingizi:
kuna mkunjo katikati ya nyusi
na kovu chini ya kidevu
ambalo watu wa Tarko walilisahau, au walilionea haya.

Tena Tarko amemzidi kimo, kidole gumba kizima.
Wakutanishe ulingoni, utadhani baba anamwadhibu mwana.

Halafu kaptula.
Ya Tarko nyekundu. Ya Belmoksi kijani.
"Wewe si ulimwona," Wangatia akaniuliza,
"ilikuwa rangi gani?"

Nilimwona, ndiyo.
Nyalenda, sebuleni kwa Mwalimu Obura,
televisheni ya betri ya gari,
kiingilio mtungi wa maji, uliojaa hadi shingoni.
Tulikuwa thelathini sakafuni, jasho la mmoja la wote.
Chenga zilipozidi, mmoja alitumwa nje kuzungusha mlingoti:
"Hapo! Umepitisha! Rudi! Hapo!"
Jabali akapanda kamba ya juu,
akafungua mikono,
akaruka,
na betri ikafa.
Hajatua mpaka leo.

Kaptula yake ilikuwa kijivu.
Damu yake kijivu. Taa, umati, mkanda wa dhahabu,
kijivu.

Niliwapeleka kwa Nyangweso, mchora mabango wa Kondele.
"Nipakie kijivu, wote wawili."
Akafuta brashi kwenye suruali, akacheka hadi akakohoa:
"Kijivu tunapaka choo cha soko, ndugu yangu.
Bingwa hapakwi kijivu."
Akanirudishia, hakunitoza hata senti.

Binti yangu Awuor hajui Tarko, hajui Belmoksi.
"Huyu Opiyo," anasema, "aliyetoka kwanza,
na huyu Odongo."
Nikamwambia pacha hawapishani kimo hivyo.
Akaniambia nimwulize nyanya.

Jana usiku stima ikapotea, mtaa mzima.
Mwezi uliingia kwa dirisha la jikoni
ukasimama mbele ya friji.
Nyekundu ikaisha. Kijani ikaisha.
Nikapanda kigoda kama mwizi nyumbani kwangu,
nikamkunja Tarko magoti, nikamfungua mikono,
nikamweka ukingoni, vidole vya miguu hewani.
Mwenzake nyuma yake, mkono juu,
sijui anashangilia au anamwita arudi.

"Baba," Awuor akasema gizani,
"huyo anaruka, ama anaanguka?"

Nilikuwa bado natafuta jibu
stima iliporudi,
friji ikatetemeka,
na kaptula ikawa nyekundu.